Lori Jipya Lingekuwa Langu

Jumatatu, 8 Novemba 1976

Lori jipya limeshuka bandarini. Moja tu! Rangi ya kijani, tani saba, kiti cha dereva bado kimevikwa nailoni. Madereva wote sita wa shirika letu la uchukuzi tuliitwa tukasimama mbele yake kama watu waliokuja kumwona bibi harusi. Meneja wetu, Ndugu Gaudensi, mtu wa Songea asiyecheka wala kuchekeshwa, akasema lori hili halitatolewa kwa umri wala kwa kujuana. Korosho za Nanyamba zinapimwa mchana kutwa, tunapakia jioni, tunateremka Mtwara usiku, na meli haimsubiri mtu. Mwaka jana malori mawili yalilala mtaroni. Kwa hiyo atakayeendesha usiku kwa usalama kuliko wenzake, mpaka Jumamosi ya tarehe ishirini, ndiye atakayekabidhiwa ufunguo. Na msimu huu hakuna utingo, wote wako bandarini wanapakua. Kila dereva na roho yake.

Alipotaja neno usalama wote wakamgeukia Ismaili. Wote! Hata mlinzi.

Ismaili ni mtu wa Mikindani. Tulianza kazi siku moja, miaka sita iliyopita. Ninamzidi kimo, ninamzidi sauti, na barua ya kiofisi ninaiandika bila kufuta. Yeye ana nini? Anafuta taa kwa leso yake mwenyewe kabla ya kuondoka. Anazunguka lori mara mbili akigonga matairi kwa fimbo. Anasema Bismillahi ndipo anawasha. Hazidi maili thelathini kwa saa. Na tukifika Nanyamba, wakati wenzake tunapiga soga, yeye anapanda juu ya magunia analala usingizi wa saa mbili nzima, ndipo anashika njia. Kwa mambo haya ya kizee hajapata kukwaruza hata bampa. Mimi nimekwaruza mara nne tu, na mara mbili kati ya hizo mti ndio uliokuwa umekaa vibaya.

Nimemweleza mke wangu Veronika habari za lori. Akauliza kama Ismaili atalipata. Nikasusa kisamvu. Baadaye nimekila, lakini kwa hasira.

Jumanne, 9 Novemba

Sikupata usingizi. Alfajiri jibu likaja lenyewe. Ismaili analala kazini! Kulala kazini ni uzembe, na uzembe ni adui wa maendeleo, imeandikwa ukutani pale ofisini kwa rangi nyekundu. Nimekaa nimeandika barua kwa meneja, ukurasa mmoja na nusu. Nimemwita Ismaili kabaila wa usingizi. Nimesema ananyonya muda wa wakulima. Mwishoni sikuweka jina, nimeweka Mwananchi Mwenye Uchungu.

Nimeisukuma chini ya mlango wa ofisi kabla mlinzi hajaamka. Mlinzi naye analala kazini. Zamu yake itafika.

Alhamisi, 11 Novemba

Meneja ameisoma barua mbele yetu sote, kwa sauti. Nakiri ilisomeka vizuri. Pale kwenye kunyonya muda wa wakulima watu waliguna, nami nikaguna nao. Kisha akavua miwani akasema amefurahi mno. Miaka mitatu alikuwa anaumiza kichwa kwa nini Ismaili hapati ajali, na leo ameelewa: anaendesha akiwa ameshalala! Kuanzia sasa ni amri. Kila dereva atalala saa mbili nzima Nanyamba kabla ya kushika usukani. Asiyelala hapewi magunia. Akamwomba aliyeandika barua ajitokeze apongezwe.

Mkono wangu ukainuka wenyewe. Ulipofika sikioni nikajikuna.

Ismaili alinifuata nje akasema huyo mwandishi, yeyote yule, ni mtu mwenye akili, ila kakosea kidogo: si saa mbili, ni saa mbili na nusu.

Ijumaa, 12 Novemba

Amri imetekelezwa jana. Tumelala Nanyamba. Yaani wao wamelala. Lori langu liliegeshwa ubavuni mwa lori la Ismaili. Alitandika mkeka juu ya magunia, akafunika uso kwa kofia yake, na kabla sijavua kiatu cha pili alikuwa anakoroma. Anakoroma kama anavyoendesha, polepole, bila kubadili gia. Nikabaki macho nikimsikiliza. Nilikuwa nasubiri akosee. Haiwezekani mtu alale raha mustarehe hivyo huku lori jipya likiwa halijapata mwenyewe. Saa tatu kasoro robo akaamka, bila saa, bila kuitwa na mtu. Nani kamfundisha?

Bi Mwanaisha, mwenye mgahawa pale penye mizani, alikuwa amemwekea chai ya tangawizi kwenye chupa. Mimi akanipa ya sufuriani, imepoa, ina utando. Nikamuuliza nimemkosea nini. Akasema Ismaili hurudisha kikombe.

Njiani macho yaliniwaka. Nikajipiga makofi. Nikaimba nyimbo zote za kanisani ninazozijua na mbili nisizozijua. Kabla ya Mtawanya nikaona mti umelala katikati ya barabara. Nikafunga breki, nikateremka na panga. Hakuna mti. Nikapanda, mti ukarudi. Nikateremka tena. Basi nimekata hewa kwa panga mara mbili tatu, na ndivyo Ismaili alivyonikuta. Alipunguza taa, akasimama, akaniuliza kwa upole kama nilipata kulala kidogo. Nikamwambia ninafanya mazoezi ya mgambo.

Jumapili, 14 Novemba

Nimegundua kosa langu. Usalama wa usiku si kulala, ni kuona! Ismaili ana taa mbili. Nikiwa nazo sita nitakuwa salama mara tatu yake, hesabu haidanganyi. Mathayo, fundi wa karakana yetu, alikuwa na taa nne za trekta lililokufa. Hakutaka kunipa. Nikamwambia ni maagizo kutoka juu. Hakuuliza juu ya wapi. Jana asubuhi tumezifunga, mbili kwenye paa, mbili kwenye bampa.

Usiku nikaondoka Nanyamba wa kwanza. Mama yangu! Barabara iling'aa. Niliona kila jiwe, niliona sungura na watoto wake, niliona mpaka mabibo yaliyoanguka chini ya mikorosho. Nikakanyaga mafuta maili arobaini na tano. Nilikuwa natabasamu peke yangu.

Sasa, kuna kijiji cha ujamaa pale njiani kinaitwa Juhudi. Nami ningejuaje kwamba wiki hii nzima walikuwa wameambiwa wakati wowote kiongozi mkubwa atapita kukagua korosho? Waliona taa sita zinakuja. Balozi wao wa nyumba kumi, Mzee Abdallah, akagonga debe. Nilipofika barabara imejaa. Akina mama wanapiga vigelegele, wazee wamejipanga mistari miwili, watoto wametolewa vitandani wamevalishwa sare za shule. Nikajaribu kueleza. Mzee Abdallah akanivika shada la maua akasema nisione haya, wanajua siku hizi viongozi hupanda malori ili wawe karibu na wananchi.

Ningefanya nini? Watu wameacha usingizi wao. Nikazima injini, nikahutubia. Kifupi tu, dakika ishirini. Nimesifu korosho, nimekemea uvivu, nimeahidi kisima. Makofi yale! Ismaili hatayapata maisha yake yote. Nilitamani awepo aone.

Akawepo. Nilipopanda niondoke, lori halikuwaka. Taa sita zilikuwa zimekunywa betri yote. Wananchi wakaanza kunisukuma kuelekea kwenye mteremko, watu mia na zaidi, bado wanaimba, ingawa wimbo ulikuwa umebadilika. Kwenye kioo nikamwona Ismaili amesimamisha lori lake, amekunja mikono ya shati, anasukuma pamoja nao. Injini ilipowaka alinipungia mkono. Alikuwa anatazama shada langu.

Jumatatu, 15 Novemba

Meneja amezing'oa taa kwa mikono yake mwenyewe. Kumbe Mohamedi, dereva mwenzetu aliyekuwa akipanda Nanyamba na lori tupu, alipigwa na taa zangu usoni asione kitu, akaingia vichakani. Hakuumia. Ismaili ndiye aliyemvuta kwa mnyororo. Meneja akaniuliza nilikuwa natafuta kuona nini ambacho wenzangu hawakioni. Halafu ofisini imefika barua kutoka Juhudi, wanauliza kisima kinaanza kuchimbwa lini. Hakuna anayejua ni kiongozi gani aliyeahidi. Nimetikisa kichwa kama wengine.

Mbaya zaidi, Ismaili kanitetea. Kasema Ndugu Kasiani alikuwa na nia njema ya kuona mbali, ila alisahau kwamba na wanaokuja mbele nao wana macho. Alisema kwa upole. Upole wake ndio unaoniua. Mtu akikutukana unajua pa kumshika.

Nyumbani nimemsimulia Veronika. Akauliza kama Ismaili hakuumia mgongo kwa kusukuma. Ismaili! Na mimi niliyeshika usukani je?

Jumatano, 17 Novemba

Leo ninaandika nikitabasamu. Ngoja niweke mambo kwa mpangilio.

Kila dereva wa njia yetu anaijua sheria ya majani. Lori likikufia usiku, betri imekwisha, taa huna, unakata matawi unayalaza barabarani, hatua mia nyuma ya lori na hatua mia mbele. Anayekuja akiona majani anajua mbele pana kitu. Anapunguza mwendo, ikibidi anasimama. Sheria hii haikuandikwa popote, na hakuna anayeivunja, hata aliyetoka kunywa uraka, pombe ya mabibo.

Na anayeiheshimu kuliko wote ni nani? Umeshajua.

Jana usiku nilimtangulia. Kwenye kona ya mteremko karibu na Mtawanya nikasimama, nikakata matawi ya porini. Ya mkorosho nisingethubutu, mimi si mharibifu. Nikayalaza barabarani, nikaenda zangu. Mbele hakukuwa na kitu hata kimoja!

Ismaili alifika, akasimama. Akateremka na tochi, akatembea karibu maili nzima akitafuta gari bovu, akiita kama kuna mtu aliyeumia. Akarudi, akayaondoa majani, akaendesha mwendo wa mguu mpaka mjini. Kafika bandarini jua limeshatoka. Karani wa meli kamfokea mbele ya wapakuzi. Mimi nilikuwa nimeshapakua, nimeshakunywa uji. Meneja akachukua chaki akaandika jina langu juu kabisa kwenye ubao wa ofisini unaopanga madereva kwa usalama na kuwahi meli. Juu ya Ismaili! Nimerudi ofisini mara tatu kuchukua kofia ambayo sikuisahau.

Veronika amepika samaki. Sikumweleza nimefanyaje, nimemwambia bidii tu.

Alhamisi, 18 Novemba

Ismaili kaomba kusema mkutanoni. Hakumtaja mtu, hakuuliza nani. Alisimama na kofia mkononi.

"Jamani," akasema, "aliyelaza majani pasipo gari bovu ametung'oa macho sote. Siku tutakapoacha kuyaamini, tutazikana mpaka tuishe."

Nikaona ni vizuri niwe wa kwanza kukasirika. Nikasimama, nikagonga meza, nikapendekeza iundwe kamati ya kumsaka mhalifu huyo. Meneja kaipenda fikra. Kanichagua mimi kuwa mwenyekiti. Mjumbe ni Ismaili.

Jina langu bado liko juu. Imebaki kesho tu.

Jumamosi, 20 Novemba

Ninaandika kwa mkono wa kushoto.

Jana ulikuwa usiku wa mwisho. Ismaili aliondoka Nanyamba kabla yangu. Mimi sikuwa nimelala, nilikuwa nafikiria ukiwa na lori jipya nailoni ile unaiacha kwenye kiti au unaitoa. Nimekata shauri kuiacha.

Hatukufika mbali. Karibu na mashamba ya Juhudi, majani! Matawi matatu yamelazwa sambamba barabarani. Nikacheka peke yangu. Kumbe amejua! Kumbe naye ni binadamu! Anataka nisimame nizurure gizani na tochi kama mjinga, yeye afike wa kwanza achukue ubao. Na alivyokuwa hajui hila, kayapanga vizuri mno. Mwenye gari bovu, nikawaza, anatupatupa tu majani. Haya yamepangwa na mtu aliyetulia. Nikaongeza gia. Mbele kidogo, matatu mengine. Nikayapita. Mbele tena matatu. Nikayapita ninaimba.

Ndipo nikaona ubao wa nyuma wa lori lake.

Breki siikumbuki. Nakumbuka nimekata usukani kushoto, nakumbuka mikorosho ikinijia mmoja baada ya mwingine, halafu lori likalala ubavu, taratibu, na magunia sitini yakamwagika shambani. Nikabaki nimening'inia mlangoni. Nilisali, nasema kweli, na sikusali kuhusu lori.

Mtu akavunja kioo, akanishika kwapani akanitoa. Ismaili. Springi ya lori lake ilikuwa imekatika saa nzima iliyopita. Yeye alikuwa amekaa kando, mbali na lori, kama inavyotakiwa. Alinipapasa kichwa, mbavu, miguu, akahesabu vidole vyangu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Miaka sita nimengoja kumwona Ismaili anatetemeka, na nilipomwona sikufurahi kama nilivyotarajia.

Bega langu lilikuwa limeteguka. Katikati ya maumivu nikamuuliza mbona kayapanga majani vizuri vile, mafungu matatu, wakati sheria ni hatua mia tu.

"Niliweka mpaka hatua mia tatu," akasema, "kwa kuwa nilijua anayekuja nyuma ni wewe."

Wanakijiji wakaja na vibatari. Mzee Abdallah akaniinulia chake usoni, akanitazama sana, akanitambua. Akauliza kama nimekuja kwa habari ya kisima.

Jumapili, 21 Novemba

Niko nyumbani, bega limefungwa. Veronika hakunigombeza. Ningependa angenigombeza, nilikuwa nimeandaa majibu. Alinikoroga uji, akaninywesha kwa kijiko kama mtoto, akanifuta mdomo. Kisha akaweka bakuli chini.

"Baba Magreth," akasema, "mimi sikutaka lori jipya. Miaka sita, msimu wa korosho ukianza, nakaa macho mpaka alfajiri nasikiliza kama gari lako linakuja. Nilitaka nilale tu."

Maneno yale yaliniingia. Mke wa mtu kukosa malazi mema si jambo dogo. Nikamwahidi kwamba nikishapata lori, kitu cha kwanza ni godoro la sufi. Akalia. Nadhani ni furaha.

Jumatatu, 22 Novemba

Mkutano mkubwa. Meneja kaniuliza kwa nini nilipita mafungu matatu ya majani bila hata kugusa breki. Nilikuwa nimejiandaa. Nikajitetea kwa hoja, mkono mmoja umefungwa, mwingine hewani. Nikasema dereva yeyote mwenye akili angeona vile nilivyoona. Nikasema majani yale hayakuwa na sura ya majani ya kweli. Nikasema nilikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba Ismaili analipiza.

Meneja akauliza, "Analipiza nini?"

Hapo hoja ikaanza kulegea. Nikatazama dari. Nikatazama ubao, jina langu bado liko juu. Mwishowe nikaona nina njia moja tu ya heshima. Kama mwenyekiti nikatoa taarifa kwamba kamati imemaliza kazi yake mapema na imempata mhusika.

Mohamedi alitaka nipelekwe polisi. Mathayo fundi akakumbuka habari ya maagizo kutoka juu. Meneja alikuwa ameshafungua faili la kunifukuza kazi, kalamu imeshagusa karatasi, na mimi nikaona miaka sita inakwisha, Magreth anatolewa shule, tunarudi kwetu Newala na bega bovu. Nilitaka kusema kitu, sauti ikakwama. Sauti yangu! Ismaili akasimama akasema, kama ofisi haitajali, Kasiani apewe yeye awe utingo wake. Dereva wa usiku, alisema, anahitaji mtu wa kuzungumza naye njiani asisinzie, na Kasiani hajawahi kukosa la kusema. Watu wakacheka. Meneja hakucheka, lakini alifunga faili.

Leseni yangu imefungiwa kabatini mwaka mzima. Ufunguo kapewa Ismaili. Alizunguka lori jipya mara mbili, akagonga matairi, akafungua mlango, akaitoa nailoni kwenye kiti, akaikunja vizuri akaiweka pembeni. Nimegeuza uso.

Jumamosi, 18 Desemba

Nimemaliza wiki ya kwanza ya utingo. Bega linauma kidogo tu wakati wa kufunga turubai.

Nisiseme uongo, lori ni zuri. Kiti cha utingo ni laini kuliko kile nilichokalia miaka sita. Ismaili haongei sana. Mimi naongea tangu mizani ya Nanyamba mpaka lango la bandari, na akianza kupiga miayo napandisha sauti. Nimemwambia anavyopaswa kukata kona. Hushukuru, halafu anakata anavyotaka yeye. Safari sita, hakuna mkwaruzo. Jana meneja kamsifu mbele ya wote kwa safari hizo sita, akampa mkono. Mimi nimesimama pale pale, hata kidole sikupewa. Nani aliyemweka macho? Kwa haki kabisa nusu ya sifa ile ni yangu, na nusu ya lori pia ukifikiri vizuri.

Lakini hilo nimelimeza. Lililoniuma ni la nyumbani.

Leo nimerudi alfajiri, mlango umefungwa. Nikabisha. Kimya. Nikabisha tena, nikabisha kwa kisigino, akaamka jirani, wakaamka mbuzi wa jirani. Baadaye sana ndipo Veronika akafungua, shavu lina alama za mkeka, hajui ni saa ngapi. Nikadhani anaumwa. Akasema haumwi, hajapata kuwa mzima kama siku hizi. Akijilaza tu ni mpaka kunapambazuka, hasikii gari wala jogoo. Nikamuuliza dawa gani hiyo kapata. Akasema hakuna dawa, anajua tu kwamba anayeendesha ni Ismaili.

Akanipa maji ya kuoga, akarudi kulala!

Miaka sita mwanamke huyu alikesha kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu, Kasiani! Sasa analala fofofo kwa sababu ya mtu wa Mikindani. Lori kachukua, ubao kachukua, chai ya tangawizi anakunywa yeye, na hili nalo achukue? Hapana. Kila kitu kina mpaka wake.

Mpango nimeshaupata. Jumatatu usiku tunasafiri, Jumanne alfajiri tunapakua. Nitaagana na Ismaili getini kama kawaida, halafu nitajibanza nyuma ya soko mpaka adhuhuri bila kumwambia mtu. Tuone Jumanne usiku Veronika atalala vipi.